Gorogoro iliyowakondesha samaki wa Asembo

Saa moja asubuhi, mashine ya kusaga bado haijawashwa, Lornah Adongo amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Ukuta wenyewe ni wa mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, ndani ya kiwanda kidogo cha chakula cha samaki katika eneo la viwanda mjini Kisumu. Kwenye msumari kando yake imening'inia gorogoro kuukuu, lile kopo la bati linalopimia nafaka sokoni. Lornah anatia mkono humo na kutoa kipande cha chaki.

"Omena ya leo imekuja na hamsini na tano," anasema bila kugeuka. "Pumba ni kumi. Mteja anataka ishirini na nane. Haya, tuone."

Anaandika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

x + y = 100
55x + 10y = 2800

Kwa msomaji aliyezikimbia hesabu akajificha kwenye maneno, kama mwandishi huyu, mambo ni hivi. Herufi ya kwanza ni kilo za omena, yaani dagaa wa ziwani waliokaushwa. Ya pili ni kilo za pumba za mpunga kutoka Ahero. Zote mbili zikichanganywa lazima zifike kilo mia. Huo ndio mstari wa kwanza.

Mstari wa pili ni wa protini, kile kinachomjenga samaki. Maabara imesema kila kilo mia za omena hii zina kilo hamsini na tano za protini, na kila kilo mia za pumba zina kumi tu. Mchanganyiko unatakiwa uwe na ishirini na nane, na Lornah huzidisha kila upande kwa mia kukwepa desimali, ndiyo maana ameandika 2800. Mzigo mwingine ukija wiki ijayo, namba zitabadilika, na Lornah ataanza upya. Hakuna kipimo cha kukariri hapa.

"Watu wanaogopa kwa sababu wanaona vitu viwili hawavijui," anasema. "Lakini angalia. Kama jumla ni mia, ukishajua omena, pumba imejitaja yenyewe. Pumba ni mia toa omena. Kwa hivyo pale chini, mahali palipoandikwa pumba, mimi naifuta, naweka mia toa omena. Sasa kimebaki kitu kimoja tu ambacho sikijui. Kitu kimoja nitakishika."

Chaki inakimbia. 55x + 10(100 − x) = 2800. Kisha 55x + 1000 − 10x = 2800. Kisha 45x = 1800. Omena, kilo arobaini. Pumba, kilo sitini.

Hapo wengi wetu tungeitupa chaki na kwenda kunywa chai. Lornah hatoki ukutani. Anarudisha arobaini na sitini kwenye mstari wa kwanza, zinatoa mia. Anazirudisha kwenye wa pili, midomo ikicheza, zinatoa elfu mbili mia nane. Ndipo anapovuta mizani katikati ya sakafu na kumwaga omena ndani ya ndoo. Na hata baada ya hapo, mchanganyiko ukiwa tayari, ataupima wote tena.

Ukimwona unaweza kusema huyu mama ana wasiwasi kupita kiasi. Ana sababu zake. Kesho yake atasafiri kwenda Asembo Bay kushuhudia samaki wakipimwa, na matokeo ya kipimo hicho ndiyo yatakayoamua kama atarudi kwenye ukuta huu au atarudi kubeba magunia.

Lornah, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Alego na kuolewa Asembo. Shule aliiacha kidato cha pili. Kwa miaka mingi aliuza omena kando ya barabara katika soko la Otonglo, hadi mumewe alipofariki na biashara ikafa naye. Akahamia Manyatta na wanawe wawili, akapata kibarua hapa kiwandani cha kubeba magunia kwa shilingi mia tano kwa siku.

"Mgongo huu," anasema akijigusa kiunoni, "ulibeba mpaka nikasahau kulala chali."

Wakati huo mchanganyiko ulikuwa wa Mzee Ouma, ambaye alipima kwa macho na kuonja kwa ulimi. Mzee Ouma alipostaafu na kurudi kwao, mwenye kiwanda, Bwana Jasvir, mzaliwa wa Kisumu kama baba yake, aliwaita wafanyakazi wote na kuwaeleza shida yake.

"Mimi naweza kupiga hizo hesabu kwa simu," Jasvir anasimulia, akizungumza Kiswahili cha Kisumu kilichochanganyika na Dholuo cha mtu aliyekulia mtaani. "Lakini mzigo ukiingia mimi niko Ahero, ama niko barabarani. Nataka mtu wa hapa sakafuni. Nikawaambia, yeyote atakayejifunza hii hesabu, kazi ya msimamizi ni yake. Wanaume waliangalia viatu vyao. Huyu mama akainua mkono."

Kuinua mkono ni rahisi. Lornah alijiunga na darasa la watu wazima linalofanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa huko Manyatta, na huko akakutana na Mwalimu Khaemba, na mabano.

Mabano yalimtesa jamani. Kila alipofika kwenye 10(100 − x), alizidisha kumi kwa mia, akaandika elfu moja, kisha akaiacha ile x ikae vile vile ilivyokuwa. Kila mara jibu lilitoka na madesimali yasiyo na mwisho, na kila mara Mwalimu Khaemba aliweka alama ya mkasi.

"Nililia darasani," Lornah anasema. "Mtu mzima, mama wa watoto, nalia kwa sababu ya mabano. Nikamwambia Mwalimu, wacha mimi nirudi kwa magunia."

Mwalimu Khaemba, mtu wa Bungoma mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, anakumbuka siku hiyo vizuri. "Nilimuuliza, Mama Lornah, ukiingia katika nyumba ya Mjaluo na ukute watu wawili wameketi, unamsalimia nani? Akaniangalia kama mimi ni mjinga. Akasema, wote, kwa mkono. Nikamwambia, basi hiyo kumi ni mgeni, na mabano ni nyumba. Akimsalimia mia akamruka x, nyumba nzima itamsema mpaka kesho."

"Yawa!" Lornah anapiga makofi kama kwamba ndiyo kwanza anasikia. "Tangu siku hiyo sijakosea mabano. Nikiona mlango wa nyumba tu, nasalimia kila mtu."

Alipewa kazi. Akakabidhiwa ukuta, chaki na funguo za stoo. Na kwa kuwa alikuwa na furaha na hakuweza kuificha, alipanda gari hadi Asembo kwa wale akina mama anaowaita dada zake, wanawake wanaofuga ngege, samaki aina ya perege, kwenye vizimba ndani ya ziwa. Ndio waliomsimamia alipomzika mumewe. Ndio waliompikia waombolezaji wake. Aliwaambia waache kununua chakula cha mbali, wanunue kile anachokichanganya yeye kwa mikono yake.

Walinunua kwa sababu yake.

Miezi miwili ikapita. Kisha asubuhi moja Mama Aloo, mwenyekiti wa kikundi hicho, akaingia kiwandani na karai lenye kifuniko kichwani. Hakusalimia kwa kirefu. Akaliweka karai juu ya meza ya Jasvir na kufunua.

"Samaki walikuwa kichwa kikubwa, mwili kama kidole," Lornah anasema. Sauti yake inashuka. "Ukimwona samaki hivyo unajua amelala njaa. Hana ugonjwa. Ni njaa tu. Na chakula anachokula kimetoka kwangu."

Samaki waliopaswa kukaribia gramu mia moja na hamsini walikuwa hawajafika hata tisini. Kwa mfugaji hiyo ni hasara ya msimu mzima. Kwa Lornah ilikuwa aibu isiyo na mahali pa kuwekwa.

Jasvir alikwenda ukutani. Kwenye pembe moja, hesabu ya mzigo wa kwanza wa Asembo ilikuwa bado haijafutwa; Lornah alikuwa ameiacha kama kumbukumbu. Akaipitia mstari kwa mstari. Ilikuwa sawa. Kumi ilikuwa imesalimia watu wote. Omena ya siku ile nayo ilikuwa ya hamsini na tano, kwa hiyo omena kilo arobaini, pumba kilo sitini.

"Nilikasirika, sitakudanganya," anasema Jasvir. "Nikafikiri labda ameuza omena yangu pembeni. Nikamwambia, haya, fanya mbele yetu. Fanya vile ulifanya siku ile."

Lornah akafungua gunia la pumba na kulipima kwenye mizani, kilo sitini kamili. Kisha akaenda kwenye rundo la omena, akachukua gorogoro, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Hiyo ni nini?" Jasvir akauliza.

"Omena."

"Naona ni omena. Unapima na nini?"

"Na gorogoro. Gorogoro ishirini ni kilo arobaini." Lornah anakumbuka kwamba alishangaa swali lenyewe. "Gorogoro ni kilo mbili. Nani hajui?"

Na hapo ndipo penye kiini cha mkasa huu, kwa hiyo msomaji wa mbali na avumilie kidogo. Kando ya ziwa hili hakuna anayenunua omena kwa kilo. Uliza kilo ya omena pale Otonglo na watakujua wewe si wa hapa. Omena ni gorogoro, iliyojazwa mpaka ikafanya kichuguu. Na gorogoro kila mtu anajua ni kilo mbili, kwa sababu ni kilo mbili kweli, ukiweka mahindi. Mwanamke aliyepima omena kwa kopo hilo tangu ujana wake hakuwa na sababu ya kuuliza lina uzito gani. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Jasvir alichukua gorogoro ile ikiwa imejaa, akaimimina kwenye mizani. Omena iliyokauka ni nyepesi, imejaa hewa, imelaliana ovyo. Mizani ilisoma gramu mia sita.

"Nikahesabu kwa vidole," anasema Lornah. "Mia sita mara ishirini."

Badala ya kilo arobaini za omena, samaki wa Asembo walikuwa wamepewa kumi na mbili. Zilizobaki tumboni mwao zilikuwa pumba.

Mama Aloo ndiye aliyesema kwanza, na maneno aliyoyasema Lornah anayashikilia hadi leo. "Hata mimi ningesema mbili," alisema. Kisha, kwa kuwa ni mwenyekiti na alikuwa na wanawake wengine wa kuwajibu nyumbani, akaongeza masharti. Kikundi kitachukua chakula cha hapa kwa miezi miwili tena. Samaki kumi wakitiwa karaini wavuke kilo mbili, kikundi kitabaki. Wasipovuka, watahamia chakula cha kutoka nje na hawatarudi.

Jasvir naye akatoa uamuzi wake. Akina mama wakihama, Lornah atatoka ukutani.

"Lakini nikajiuliza pia," Jasvir anasema, akijikuna ndevu. "Mimi nilipita hapa siku ile. Niliangalia ukuta, nikasema hesabu poa, nikaenda zangu. Sikuangalia sakafu."

Kilichomuuma Lornah zaidi si gorogoro. Ni jambo alilomweleza Mwalimu Khaemba Jumamosi iliyofuata, akiwa ameinamisha kichwa. Siku ile ya mchanganyiko wa kwanza, magunia yalipojaa, alikuwa ameona kwamba jumla haifiki. Alitarajia kilo mia, akapata sabini na kitu.

"Niliona, Mwalimu. Nikajiambia mashine imemeza. Nikajiambia ni upepo umebeba vumbi. Nikajiambia jua limekausha. Nilijiambia mambo mengi."

Mwalimu Khaemba hakucheka siku hiyo. Alimwandikia ubaoni tena ile hatua ambayo wanafunzi wote huiruka, hatua ya kurudisha jibu kwenye milinganyo yote miwili. "Nilimwambia, kwenye karatasi uliirudisha. Sakafuni hukuirudisha," anasema mwalimu huyo. "Mstari wako wa kwanza ulisema mia. Magunia yakasema sabini. Huo mstari ulikuwa unakupigia kelele, mama."

Tangu siku hiyo gorogoro ile haipimi chochote. Lornah mwenyewe ndiye aliyeitundika kwenye msumari na kuitia chaki ndani yake, aione kila anapoanza kazi.

Siku ya kupima, mwandishi huyu anafuatana naye hadi Asembo Bay. Njiani Lornah anafunga leso, anafungua, anafunga tena. Ufukweni akina mama wanamlaki kwa salamu za kawaida, lakini hakuna anayemtania, na kutotaniwa na watu waliozoea kukutania ni adhabu yake yenyewe.

Boti inatufikisha kwenye vizimba. Mama Aloo anachota kwa wavu, wanawake wawili wanahesabu samaki kumi ndani ya karai, mwingine anashika mizani ya kuning'iniza. Ngege wanarukaruka na kutumwagia maji usoni. Vichwa vyao bado ni vikubwa, mtu hawezi kumdanganya mwenzake, lakini nyuma ya kichwa mwili umeanza kujaa na mgongo umepanda.

"Kichwa hakitarudi nyuma," Mama Aloo anasema, kana kwamba anazungumza na samaki. "Mwili ndio unakikimbiza."

Karai linaning'inizwa. Uzito wa karai wenyewe ulishatolewa mapema. Namba zinacheza, zinapanda, zinashuka, zinatulia.

Kilo mbili na gramu themanini.

Kelele zinazopanda hapo zinaweza kusikika Kisumu. Mmoja anapiga kigelegele, boti inayumba, mwingine anamshika Lornah mabegani na kumtikisa. Mama Aloo anaanza kuwarudisha samaki majini.

"Ngojeni," Lornah anasema.

Hakuna anayemsikia. Anapaza sauti. "Mama Aloo, ngoja! Tuchote tena. Upande ule mwingine, kule mbali na boti."

Wanawake wanamgeukia. Mmoja wao anamwambia waziwazi kwamba amechanganyikiwa. Ameshavuka, anataka nini tena? Kama upande wa pili utapungukiwa, si ndio atakuwa amejichimbia shimo mwenyewe?

"Najua," Lornah anajibu. "Lakini hawa wa karibu na boti ndio wanafikiwa na chakula kwanza. Pengine hawa ni wanene, wale wengine wana njaa. Mara ya kwanza niliona kitu nikanyamaza. Leo sinyamazi. Choteni."

Mama Aloo anavuta kamba, boti inazunguka kizimba polepole, na wavu unazama tena. Kumi wengine. Karai linaning'inizwa. Namba zinapanda hadi kilo moja na gramu mia tisa, zinasita hapo, na mwandishi huyu anajikuta ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Samaki mmoja anajirusha. Namba zinacheza tena, kisha zinatulia.

Kilo mbili na gramu thelathini.

Lornah anakaa chini pale pale kwenye maji ya ndani ya boti, anafunika uso kwa leso na kulia kwa sauti. Hakuna anayemnyamazisha. Mama Aloo anamshikilia kichwa kwenye paja lake kama mtoto.

"Nyar Alego," anamwambia, yaani binti wa Alego, "leo kilo mbili ni kilo mbili."

Ndipo utani unapomrudia. Kabla hatujafika ufukweni tayari wameshampa jina jipya, Min Gorogoro, yaani Mama Gorogoro, na jinsi lilivyoshika kasi, atazeeka nalo. Anapoondoka wanamfungia omena ya kupeleka nyumbani. Wanampimia kwa gorogoro, bila shaka, na kichuguu juu.

Jasvir anapigiwa simu akiwa Ahero. Anacheka, anasema ukuta ni wa Lornah, na kwamba gorogoro isiondolewe msumarini.

Lornah ana mipango. Mwakani anataka kujisajili kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Mwalimu Khaemba anaamini hesabu haitamwangusha. Lakini kuna lingine ambalo amekwisha kulianza. Amemwomba Mama Aloo nafasi kila mkutano wa kikundi, baada ya maombi na kabla ya chai, awafundishe wanawake wa vizimba ile mistari miwili, pumba ni mia toa omena, na namna ya kurudisha jibu.

Tukiwa tumerudi ukutani, mwandishi huyu anamuuliza kwa nini. Akina mama wakijua kupiga hesabu zote wenyewe, si watamnyang'anya kazi?

Lornah anakung'uta chaki mikononi.

"Wameniamini mara mbili bila kujua nafanya nini," anasema. "Sitaki ya tatu iwe hivyo. Mimi ni mtu, naweza kukosea tena. Nikikosea, nataka wao wanikamate kabla ya samaki."